Sikughairi mimi, treni ndiyo iliyofutwa

Meseji iliingia saa nne na dakika arobaini usiku. Nilikuwa nimeshamwekea baba nguo zake juu ya kiti, shati juu, suruali chini yake, ili asubuhi asipapase. Barua ya hospitali ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na vitambulisho vyetu viwili, na kengele nimeitega saa kumi na moja alfajiri. Meseji ilisema treni yetu ya saa 1:20 asubuhi haitasafiri kwa sababu za kiutendaji. Chini yake palikuwa na kiungo cha rangi ya bluu: bonyeza hapa kughairi tiketi yako.

Nikabonyeza. Nilikuwa nimechoka, na nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Treni haiendi, tiketi haina kazi, nirudishiwe pesa yangu, nitafute njia nyingine ya kumfikisha mzee. Ukurasa ukafunguka ukaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Ukaniambia tiketi zangu mbili zimeghairiwa, makato ya kughairi yametozwa, na kilichobaki kitarudi kwenye akaunti yangu.

Makato yalikuwa robo ya nauli. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni gizani.

Baba alikuwa na miadi ya kutolewa mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto, kesho yake baada ya siku ile ya safari, saa mbili asubuhi. Miadi hiyo tuliisubiri miezi mitano. Jicho la kulia lilishakwisha zamani, kwa hiyo hili moja ndilo lililobaki la kumwonyesha mlango ulipo. Safari yenyewe ilikuwa ya treni mbili: ya kwanza hadi makutano ya reli, kisha unabadili unapanda nyingine hadi mji wenye hospitali. Huko stesheni angetupokea shangazi, dada yake baba, tulale kwake.

Asubuhi tulikwenda stesheni hivyohivyo. Kwenye dirisha la tiketi nilimkuta karani kijana, mpole, amekaa mbele ya foleni ambayo hakuisababisha yeye. Nikamweleza. Akaandika namba ya tiketi, akatazama, akanyamaza kidogo.

"Mama, hii tiketi umeighairi mwenyewe jana usiku."

"Nimeighairi kwa sababu treni mmeifuta."

"Nakuelewa, mama. Lakini hapa inaonyesha ulighairi. Usingeighairi, ningekuhamishia kwenye treni ya saa sita mchana sasa hivi, bila kulipa chochote. Nafasi zipo."

Nafasi zipo. Hayo maneno mawili yaliniuma kuliko makato. Nilinunua tiketi mbili mpya za treni ileile ya saa sita, kwa nauli ya siku hiyo hiyo, ambayo ni kubwa kuliko ya mtu aliyekata mapema. Na tiketi za treni ya pili, zile za kutoka makutano, zilikuwa zimekufa, kwa sababu nilizinunua kando na treni yake iliondoka kwa wakati wake bila sisi. Tulipofika makutano usiku, treni ya mwisho ya kuelekea hospitali ilikuwa imeshaondoka. Tukapanda basi. Tulifika saa saba usiku.

Nitarudi kwa shangazi baadaye. Kwanza nataka kusema jambo ambalo ningependa kila anayekata tiketi ya treni alijue kabla hajapata meseji kama ile.

Kufuta ni kitu kimoja na kughairi ni kitu kingine, na Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri kabisa. Kughairi ni kubadili nia. Mtu aliyekuwa aende, akaona asiende, huyo ameghairi. Mimi sikughairi. Nia yangu ilikuwa palepale, imeshavaa viatu. Aliyefuta safari ni mwenye treni. Sasa karibu kila kampuni ya reli ina masharti ya aina mbili kwenye karatasi zake: yale ya abiria aliyebadili mawazo, ambaye hukatwa, na tiketi za bei ya chini hata harudishiwi kitu, na yale ya abiria ambaye treni yake imefutwa, ambaye anarudishiwa nauli yote au anasafirishwa kwa njia nyingine. Kitufe kinachosema "ghairi" mara nyingi kinakupeleka kwenye masharti ya kwanza. Unajitoa mwenyewe kwenye haki yako kwa kidole chako, na kumbukumbu ya mfumo inaandika kwamba wewe ndiye uliyebadili nia.

Baada ya upasuaji, baba akiwa amelala na jicho limefunikwa, nilianza kusoma. Nilisoma masharti ya usafirishaji ya kampuni yetu, yale ambayo kila mtu anaweka alama ya kukubali bila kuyafungua. Ni kurasa 46. Kifungu cha safari iliyofutwa kilikuwa ukurasa wa 31, na kilisema wazi: safari ikifutwa na mchukuzi, yaani kampuni inayosafirisha, abiria anarejeshewa nauli yote bila makato, hata kama tiketi yake ni ya aina isiyorejeshewa. Nikakinakili kwa mkono kwenye daftari, neno kwa neno. Kisha nikasoma ya wenzetu wa nchi nyingine, maana nilitaka kujua kama jambo hili ni upole wa kampuni moja au ni kanuni inayokubalika.

Ni kanuni inayokubalika. Uingereza, kwa mfano, kuna tiketi za bei nafuu zinazokatwa mapema, zinazofungwa kwenye treni moja tu, na kwa kawaida ukibadili nia hurudishiwi. Lakini treni yenyewe ikifutwa nawe ukaamua usisafiri, unarudishiwa nauli yote na hutozwi ada ya huduma. India, tiketi iliyokatwa kwa njia ya mtandao ikiwa treni imefutwa kabisa, pesa inarudi yenyewe kwenye akaunti bila abiria kubonyeza chochote. Huko hata kuchelewa tu kunahesabika: treni ikichelewa kuondoka kwa zaidi ya saa tatu na ukaamua hutaki tena kwenda, unadai nauli yote, mradi udai kabla treni haijaondoka kituo chako. Japani, treni ya mwendokasi ikifika imechelewa saa mbili au zaidi, ile nyongeza ya mwendokasi uliyoilipa juu ya nauli ya kawaida inarudishwa yote.

Na kuna la Japani jingine lililonigusa. Ukiwa umeshapanda, safari ikakatika katikati kwa sababu reli imefungwa, unaweza kurudishwa ulikotoka bila kulipa, na nauli yako yote ikarudi. Umoja wa Ulaya nao una kifungu cha namna hiyo: kama safari haina maana tena kwa lile ulilokuwa unaliendea, una haki ya kurudishwa mwanzo kwa treni ya kwanza inayopatikana, pamoja na pesa yako. Nafikiria mtu aliyekuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi wa saa nne, saa tano bado yuko njiani. Kumpeleka mbele hakumsaidii kitu. Mtu fulani alipoandika kifungu kile alimfikiria huyo.

Ulaya ndiko nilikokaa sana kusoma, kwa sababu kanuni yao imeandikwa kwa marefu na inaeleweka hata na sisi tusio wanasheria. Ya sasa ni ya mwaka 2021 na ilianza kutumika tarehe 7 Juni 2023, ikichukua nafasi ya ile ya mwaka 2007. Inasema treni ikifutwa, au ikitarajiwa kufika imechelewa dakika 60 au zaidi, abiria apewe chaguo papo hapo. Arudishiwe nauli. Au aendelee na safari kwa njia nyingine haraka iwezekanavyo. Au aendelee siku nyingine inayomfaa yeye. Chaguo ni la abiria, karani hamchagulii. Laiti ningeulizwa hivyo usiku ule! Ningechagua la pili bila kufikiri, na nisingelipa hata senti moja zaidi. Kile kiungo cha bluu kilinipa njia moja tu, tena ile iliyokuwa na hasara kwangu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya, na mimi nililichanganya kwa wiki mbili nzima katika barua zangu. Kurudishiwa nauli na kulipwa fidia ni vitu viwili. Nauli inarudi kwa sababu hukupewa ulichonunua. Fidia inalipwa kwa sababu ulisafiri, lakini ulifika umechelewa. Kwa hiyo anayechukua nauli yake yote akaenda zake hawezi kudai tena fidia ya kuchelewa, maana hakuna safari iliyochelewa. Anayekubali kusafirishwa kwa treni nyingine, huyo bado ana madai. Kwa kanuni ya Ulaya, akifika amechelewa dakika 60 hadi 119 analipwa asilimia 25 ya nauli. Kuanzia dakika 120, asilimia 50. Uingereza wanaanza mapema zaidi: kampuni nyingi zinahesabu kuanzia dakika 15, nyingine kuanzia 30, na kinachohesabiwa ni saa uliyofika, hata kama kisa chenyewe kilikuwa treni kufutwa nawe ukapanda iliyofuata. Watu wengi huchukua treni iliyofuata, wakamshukuru Mungu wamefika, wakasahau kwamba kuna fidia inayowasubiri. Huko una siku 28 za kuidai.

Tena milango yenyewe ni miwili. Nauli unaidai kwa aliyekuuzia tiketi. Fidia ya kuchelewa kwa kawaida unaidai kwa aliyeiendesha treni. Ukinunua kwa wakala halafu ukaenda kumlilia mwenye treni akurudishie nauli, atakurudisha kwa wakala, na wakala asiyejua kazi atakurudisha kwa mwenye treni. Mimi nilizungushwa hivyo kwa siku tisa kabla mama mmoja wa kitengo cha malalamiko hajaniambia kwa simu, kwa sauti ya chini, "Dada, andika barua mbili."

Halafu kuna ile hoja ya dharura. Barua yangu ya kwanza ilijibiwa kwamba treni ilifutwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa kampuni. Nilipoisoma niliona nimeshindwa. Sikujua wakati ule kwamba hoja hiyo, hata ikiwa ya kweli, inagusa fidia, nauli haiigusi. Mafuriko yakikata reli, kampuni haina kosa, lakini abiria naye hajasafiri, na pesa yake iko mfukoni mwa nani? Ulaya jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja huo, na mnamo Septemba 2013 mahakama ikaamua kwamba, kwa kanuni ya wakati ule, hata dharura isiyozuilika haimwondolei mchukuzi wajibu wa kulipa fidia ya kuchelewa. Kanuni mpya imelegeza hapo. Sasa fidia inaweza kukataliwa kwa hali ya hewa iliyopita kiasi, maafa makubwa ya asili, janga kubwa la afya, mtu kuingia kwenye reli, wizi wa nyaya, hujuma, na mengine ya aina hiyo. Sikufurahi niliposoma ulegezaji huo. Lakini humohumo wameandika kwamba mgomo wa wafanyakazi wa kampuni yenyewe hauhesabiwi kuwa dharura, na haki ya kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa njia nyingine imebaki kwa kila hali, mvua inyeshe au jua liwake. "Sababu za kiutendaji" za meseji yangu hazikuwa mafuriko wala maafa. Nilikuja kuambiwa ni uhaba wa mabehewa.

Sasa zile tiketi za treni ya pili. Hili linaniuma mpaka leo kwa sababu pesa ile haikurudi kamwe. Nilizikata kando kwa kuwa jumla ilionekana kuwa nafuu kidogo kuliko tiketi moja ya safari nzima. Sikujua ninachouza kwa unafuu ule. Tiketi moja inayokufikisha hadi mwisho ni mkataba mmoja: treni ya kwanza ikifutwa, anayehusika ni yuleyule hadi ufike unakokwenda, na kuchelewa kunapimwa pale mwisho. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ni mikataba miwili isiyojuana. Mwenye treni ya pili atakuambia, na kwa haki, kwamba treni yake ilikuwepo, ilisubiri dakika zake, wewe ndiye hukutokea.

Ulaya wamejaribu kuziba tundu hilo. Ukinunua tiketi kadhaa kwa mkupuo mmoja kutoka kampuni moja ya reli, zinahesabiwa kuwa tiketi moja ya safari nzima, labda uwe umeambiwa wazi kwa maandishi kabla ya kulipa kwamba ni mikataba tofauti. Na wakala akiziunganisha tiketi kwa uamuzi wake bila kukuambia hivyo, ukikosa treni ya kuunganisha anatakiwa akurudishie jumla ya ulicholipa na juu yake akulipe asilimia 75 ya kiasi hicho. Nilipoisoma asilimia hiyo nilisimama nikaenda kunywa maji. Mimi niliziunganisha mwenyewe. Sasa nikikata tiketi ya safari ya kubadili treni, naangalia kwanza kama namba ya kumbukumbu ni moja. Ikiwa ni mbili, nauliza kabla sijalipa.

Kuna jambo la muda pia, kwa anayesafiri Ulaya, na ni la kukumbuka kwa sababu lina saa yake. Kampuni ikishindwa kukuambia njia mbadala ndani ya dakika 100 tangu saa ambayo treni yako ilipaswa kuondoka, unaruhusiwa kujitafutia mwenyewe treni nyingine au basi la abiria, ukakata tiketi, ukadai gharama zake. Kabla ya dakika hizo unahitaji kibali chao. Mama mwenye mtoto mgongoni aliyekaa kwenye benchi la stesheni akijua hesabu hiyo ana kitu cha kushika mkononi. Asiyejua anakaa saa tano akisubiri kutangaziwa.

Nilibishana na kampuni yetu wiki saba. Sikutumia maneno makali. Nilituma picha ya skrini ya ile meseji, ambayo kwa bahati sikuifuta, ikionyesha saa 4:40 usiku, na picha ya ukurasa wa kughairi wenye saa 4:43. Dakika tatu. Nikaandika kwamba haiwezekani abiria awe amebadili nia dakika tatu baada ya kuambiwa treni haipo. Hakuna kilichobaki cha kubadilia nia. Nikaambatanisha kifungu cha ukurasa wa 31. Walinirudishia makato. Walikataa tofauti ya nauli mpya, nikaandika tena, wakakubali nusu. Walitaka kunipa vocha, nikasema nataka pesa, na hapo hawakubisha. Ulaya vocha haitolewi badala ya nauli mpaka abiria aikubali mwenyewe, na nadhani kila mahali ni haki iwe hivyo: mtu aliyelipa pesa taslimu asilazimishwe kurudi kwa yuleyule aliyemwangusha.

Miezi minane baadaye baba alikuwa na miadi ya kuangaliwa tena. Safari hii tiketi ilikuwa moja, mwanzo hadi mwisho. Usiku wa kuamkia safari meseji ikaja. Treni ileile ya asubuhi. Kiungo kilekile cha bluu.

Niliipiga picha ya skrini, nikaweka simu juu ya kabati, nikaenda kulala.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa wa nne kwenye foleni. Mbele yetu palikuwa na kijana mwenye begi la shule mgongoni, mwanachuo nadhani, kidole chake kimeshafika kwenye kile kiungo. Nikamgusa bega. "Mwanangu, usibonyeze hapo. Subiri uongee na dirishani kwanza." Alinitazama kama ninayemwingilia, na kweli nilimwingilia. Lakini alisubiri. Alipofika dirishani alihamishiwa treni ya saa sita kwa dakika mbili, akageuka akaniamkia upya. "Shikamoo, mama. Ahsante."

Zamu yetu ilipofika, karani alikuwa dada mwenye miwani. Nilikuwa nimejiandaa, nikasema taratibu: treni ya saa 1:20 imefutwa na nyinyi, sijaghairi, naomba kusafirishwa leo hadi mwisho wa tiketi hii, na naomba uniandikie kwenye karatasi kwamba treni ilifutwa. Hilo la karatasi lilimfanya ainue kichwa.

"Karatasi ya nini, mama?"

"Ya kudai fidia tukifika tumechelewa. Na kama tutalala njiani, ya kudai malazi."

Akaenda nyuma, akarudi na msimamizi wa stesheni, mzee wa makamo mwenye kofia, kalamu sikioni. Yule mzee hakusema neno. Alichukua tiketi yetu, akaigeuza, akaandika kwa nyuma namba ya treni, tarehe, neno "imefutwa", akatia sahihi, akapiga muhuri wa mviringo wa wino wa zambarau. Muhuri ulikuwa umeisha wino upande mmoja, akaupiga mara ya pili pembeni ili tarehe isomeke. Ile tiketi bado ninayo. Fidia ililipwa ndani ya wiki tatu bila barua ya pili.

Nilikuwa na ombi moja zaidi, na hili ndilo la shangazi.

Ile mara ya kwanza, shangazi alifika stesheni saa tisa alasiri kutupokea. Simu yake ilikuwa imezima chaji. Treni tuliyopaswa kuwamo ilifika, watu wakashuka, sisi hatumo. Akasubiri inayofuata. Akasubiri inayofuata. Saa nne usiku mlinzi alifunga geti, shangazi akasimama nje ya geti, mwanamke wa miaka sabini na moja, mpaka basi letu lilipotushusha ng'ambo ya barabara saa saba. Hakulalamika. Alimshika baba mkono tu akasema, "Nilijua mtakuja." Mimi ndiye niliyelia.

Katika kusoma kwangu kote, kifungu nilichokipenda kuliko vyote kinatoka kwenye mkataba wa kimataifa wa usafiri wa reli uliotiwa sahihi mwaka 1980, kwenye kanuni zake za abiria, kifungu cha 32. Kinasema treni ikifutwa au ikichelewa, au abiria akikosa treni ya kuunganisha, hata safari isiweze kuendelea siku ileile, mchukuzi anawajibika kwa gharama za malazi zinazostahili, na pia kwa gharama zinazostahili za kuwaarifu watu wanaomsubiri abiria. Watu wanaomsubiri. Wanasheria wa nchi nyingi walikaa mezani wakazungumza nauli na mabehewa, na katikati ya hayo wakamkumbuka mtu aliyesimama upande wa pili wa reli, ambaye hana tiketi wala mkataba na yeyote.

Kwa hiyo nilimwambia yule msimamizi: "Mzee wangu, kuna mtu atakuja kutupokea saa tisa. Simu yake haipatikani. Nisaidie kumwarifu."

Akaniuliza jina. Akaniuliza stesheni. Akanyanyua mkonga wa simu ya mezani, akazungumza na mwenzake wa huko, akalitaja jina la shangazi herufi kwa herufi, akasema: watafika kwa treni ya saa mbili usiku, mwambieni akapumzike nyumbani. Nusu dakika, labda chini ya hapo.

Shangazi alitusimulia tulipofika. Alikuwa ndiyo kwanza anakaa kwenye benchi, kanga ameiweka mapajani, akasikia jina lake likitoka kwenye kipaza sauti, majina yote matatu, kama yanavyoandikwa kwenye kitambulisho. Alisimama akatazama huku na huku. Likarudiwa. Akaenda dirishani, wakampa habari, akarudi nyumbani akalala kidogo. Saa mbili kasoro alikuwa amesharudi, amevaa kanga nyingine, na baba alimwona kutoka dirishani kabla treni haijasimama.